Kompyuta inawaka lakini betri haichaji: je, ubovu uko kwenye tundu la chaja?

Msomaji wa Usiku

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu wa kutengeneza kompyuta mpakato, kwa sababu nimeshapewa majibu yanayopingana na sijui nifuate lipi.

Kwa muda wa wiki tatu hivi kompyuta yangu imekuwa ikisumbua upande wa kuchaji. Inatumia plagi ya mviringo, ile yenye kipini chembamba katikati, na chaja yake imeandikwa volti 19.5 na ampea 3.34, yaani wati 65. Tatizo lilianza taratibu: taa ya kuchaji ilikuwa ikizimika kila nilipoisogeza kompyuta mezani, nami nikawa naizungusha plagi kidogo kidogo mpaka taa irudi. Baadaye ikawa lazima niegemeze waya kwenye kitabu ili plagi ielekee juu. Tangu juzi hata njia hiyo imeshindwa, kwani kompyuta inawaka vizuri ikiwa imechomekwa, lakini betri haiongezeki hata asilimia moja, na kwenye skrini kuna maneno yanayosema kwamba imechomekwa ila haichaji. Tena imekuwa nzito mno. Hata kufungua waraka mrefu kunachukua muda, jambo ambalo halikuwapo kabla.

Nimekwisha kununua chaja nyingine nikidhani ya kwanza imekufa, lakini hali ni ile ile. Fundi mmoja aliniambia kwamba bodi kuu imeharibika, bila hata kufungua kifuniko. Mwingine akasema ni betri. Niko katikati ya kuandika tasnifu na kazi yangu yote iko humo, hivyo sitaki kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Nina multimita ya kawaida na bisibisi ndogo, na ninaweza kufuata maelekezo nikielezwa vizuri. Je, nianzie wapi?

Fundi wa Bodi

Ndugu Msomaji, pole kwa usumbufu, na asante kwa kueleza dalili kwa mpangilio, maana mpangilio huo wenyewe umeshatuonyesha mengi. Kabla ya yote, nakili tasnifu yako kwenye diski ya nje leo hii, kabla hujagusa bisibisi. Pili, acha kabisa kuegemeza plagi kwenye kitabu.

Hilo la pili nitalieleza, kwa sababu watu wengi huishi na tundu lililolegea kwa miezi wakidhani kwamba hasara yake ni usumbufu tu. Chaja yako hupitisha hadi ampea 3.34. Mguso kati ya plagi na tundu ukiwa mzima, ukinzani wake ni mdogo sana na hauna madhara. Lakini mguso huo ukilegea hata ukinzani ufike nusu omu, basi zaidi ya wati 5 zinageuka kuwa joto katika eneo dogo kuliko ncha ya kidole, na volti kama 1.7 zinapotea kabla umeme haujafika ndani. Joto hilo hulegeza bamba la springi linaloshika plagi, bamba likilegea ukinzani unaongezeka, na ukinzani ukiongezeka joto nalo linazidi. Ndiyo maana tatizo lako lilianza polepole kisha likashika kasi. Ukiona plastiki ya tundu imegeuka rangi ya kahawia, au ukisikia harufu ya kuungua, usichomeke tena mpaka tundu libadilishwe.

Sasa turudi kwenye swali lako. Umeme unasafiri kutoka soketi ya ukutani hadi kwenye adapta, kutoka adapta kupitia waya hadi kwenye plagi, kisha tundu, kisha waya mfupi wa ndani au njia za bodi, kisha chipu inayosimamia kuchaji, na mwisho betri. Kazi yetu ni kutafuta mahali ambapo safari hiyo inakatika. Kwako haijakatika kabisa: kompyuta inawaka kwa umeme wa chaja, maana yake volti zinafika kwenye bodi kuu. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na aliyeihukumu bodi bila kuifungua.

Kinachonivutia ni vile ulivyosema kwamba imekuwa nzito. Kile kipini chembamba cha katikati hakipitishi umeme wa kuendesha kompyuta. Ni njia ya mawasiliano. Ndani ya adapta za aina hiyo kuna namna ya kujitambulisha, na kompyuta huuliza kupitia kipini hicho adapta iliyochomekwa ni ya wati ngapi. Isipopata jibu, haijui kama adapta inaweza kubeba mzigo wote, kwa hiyo inajihadhari: inaendelea kuwaka, lakini inakataa kuchaji betri na inapunguza kasi ya prosesa. Betri iliyokufa peke yake haielezi uzito huo. Chipu ya kuchaji iliyoungua nayo, kwa kawaida, haifanyi kompyuta iache kuitambua adapta. Mawasiliano yaliyokatika ndiyo yanayoeleza dalili zote mbili kwa pamoja.

Naomba ufanye mambo matatu kisha ulete majibu. Kwanza, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, utafute ukurasa wa betri au wa umeme, kwani kompyuta nyingi za namna hii huonyesha hapo kama adapta imetambuliwa na ni ya wati ngapi. Pili, pima chaja zote mbili zikiwa nje ya kompyuta. Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), ngazi ya 200 kama mita yako ina ngazi za 20 na 200, ili usije ukapitiliza kipimo. Ncha nyeusi iguse bati la nje la plagi na nyekundu iguse ukuta wa ndani wa silinda. Usipime kutoka kipini cha katikati, kwa sababu hapo hutapata volti 19.5 na utadhani chaja ni mbovu. Angalia sana ncha hizo zisigusane ndani ya plagi. Kipimo kati ya volti 18.5 na 20.5 ni cha kuridhisha. Wakati mita bado inasoma, kunja waya taratibu karibu na shingo ya plagi, kwani hapo ndipo nyuzi hukatikia ndani ya mpira bila kuonekana.

Tatu, na hili ni muhimu kuliko yote: soma maandishi ya chaja yako mpya. Je, imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta yako, au ni ile inayosemekana kufaa kompyuta zote? Chaja nyingi za kufaa zote zina kipini cha katikati kwa umbo tu, hazina kinachojibu ndani. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, basi jaribio lako la kubadilisha chaja halikuthibitisha lolote, kwa sababu chaja hiyo ingeleta dalili ile ile hata kwenye tundu zima.

Binti Mpangaji

Naomba niongeze machache kabla hajafungua chochote. Kaka Msomaji, betri yako imesimama kwenye asilimia ngapi? Baadhi ya kompyuta zina mpangilio wa kulinda betri unaozuia kuchaji kupita asilimia 80 au hata 60, na mtu anaweza kuhangaika siku nyingi na tundu lisilo na kosa lolote. Ikiwa unatumia Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Utapata ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa, na tofauti ya hizo mbili ndiyo itakayokuambia hali ya betri kwa uhakika zaidi kuliko kukisia.

Pia zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 bila kuachia, halafu chomeka tena. Kwenye kompyuta nyingi hatua hiyo huanzisha upya chipu inayosimamia umeme, na mara nyingine hilo pekee hutosha.

Na tafadhali weka kompyuta juu ya meza iliyonyooka uitazame kwa upande. Ikiwa kifuniko cha chini kimefura au kipanya cha mguso kimeinuka, betri imevimba. Hapo usichaji, usiibonyeze, wala usiichokonoe kwa bisibisi. Mpelekee fundi mwenye kujua kuitoa salama.

Msomaji wa Usiku

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimenakili kazi yangu kwanza, kama nilivyoagizwa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Betri imesimama kwenye asilimia 37, kwa hiyo si ule mpangilio wa kuzuia. Ripoti inaonyesha uwezo wa kiwandani ni miliwati-saa 51,000 na wa sasa ni 43,900 hivi. Kompyuta haijafura popote. Kubonyeza kitufe kwa sekunde 30 hakukubadilisha kitu.

Chaja ya zamani inasoma volti 19.6 na haiyumbi hata nikikunja waya. Mpya inasoma 19.4. Mpya imeandikwa kwamba inafaa kompyuta za aina nyingi na ilikuja na vichwa vinane vya kubadilisha, hivyo nadhani, Fundi, umesema kweli kuihusu.

Kwenye BIOS, chaja zote mbili zinaonekana kuwa hazijatambuliwa. Lakini nilipochomeka ile ya zamani nikaisukuma plagi kuelekea kushoto kwa kidole na kuingia upya kwenye BIOS nikiwa bado nimeishika, iliandika wati 65. Nilipoachia na kurudia, ikawa haijatambuliwa tena. Ile mpya haitambuliwi hata niisukume vipi.

Nimemulika ndani ya tundu kwa tochi. Ukingo wa plastiki upande mmoja una rangi ya chai, na shimo dogo la katikati halionekani kuwa katikati hasa.

Mshika Tochi

Wakati Fundi akijiandaa kujibu, naomba niseme neno kwa ajili ya wasomaji watakaofika hapa wakiwa na tundu la USB-C, kwa sababu dalili zinafanana ila vipimo ni tofauti.

USB-C ina vigusio 24 ndani ya nafasi ndogo sana, na chaja yake huanza na volti 5 tu. Haipandi hadi volti 9, 15 au 20 mpaka kompyuta na chaja zikubaliane kupitia vigusio viwili vya mawasiliano, kimoja kila upande. Ndiyo maana kimoja kikichafuka au kikipinda, kompyuta huchaji plagi ikiwa imegeuzwa upande mmoja na kukataa ikigeuzwa upande wa pili. Ukiona hivyo, usiilaumu chaja. Multimita ya kawaida haiwezi kupenya humo kwa usalama. Tumia kipimo kidogo cha USB-C kinachochomekwa katikati ya chaja na kompyuta. Kikisoma volti 5 muda wote, mazungumzo hayakufanyika. Kikisoma 20 lakini mkondo ukawa karibu na sifuri huku betri ikiwa chini, basi chunguza ndani zaidi, kwenye chipu ya kuchaji au betri.

Usisahau kebo yenyewe. Kebo inayotakiwa kubeba zaidi ya ampea 3 lazima iwe na chipu ndogo ya kujitambulisha, na isipokuwa nayo chaja haitavuka ampea 3 hata kama ina nguvu zaidi.

Sababu ya kawaida kuliko zote, hata hivyo, ni nyuzinyuzi za nguo na vumbi vilivyoshindiliwa chini ya tundu hata plagi isiingie hadi mwisho. Zima kompyuta, chomoa chaja, kisha toa uchafu kwa kijiti chembamba cha mbao au cha plastiki ukienda polepole kando ya ule ulimi wa katikati. Kamwe usitumie sindano wala pini ya chuma. Palipo na utandu, tumia brashi laini yenye alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, na usubiri ikauke kabisa.

Fundi wa Bodi

Ndugu Msomaji, umepima kwa uangalifu ambao wengi wetu tunaofanya kazi hii kila siku tunauruka tukiwa na haraka. Betri yako ina asilimia 86 ya uwezo wake wa awali. Hiyo ni betri nzima. Chaja ya zamani ni nzima. Bodi kuu nayo ina uwezo wa kuisoma chaja, maana iliisoma ulipoisukuma plagi. Kilichobaki ni kigusio cha kati ndani ya tundu, au waya wake.

Sasa kuna hali mbili. Katika kompyuta nyingi tundu la mviringo limefungwa mwisho wa waya mfupi wenye kichwa kinachochomekwa kwenye bodi kuu, na kulibadilisha hakuhitaji kulehemu hata kidogo. Katika nyingine tundu limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Tafuta mwongozo wa matengenezo wa modeli yako, unaotolewa na mtengenezaji, ujue yako ni ipi kabla ya kufungua.

Ukifungua, kompyuta iwe imezimwa na chaja imechomolewa. Weka skrubu kwenye karatasi uliyochora umbo la kifuniko, kila moja mahali ilipotoka, kwa sababu urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu ikirudishwa pasipo pake inaweza kutoboa bodi au kuinua sehemu ya kibodi. Jambo la kwanza baada ya kifuniko kutoka ni kuchomoa kichwa cha betri kwenye bodi. Usiguse waya wa tundu kabla ya hapo.

Ikiwa ni la waya, chomoa kichwa chake kwenye bodi, toa tundu, weka multimita kwenye hali inayolia waya ukiwa mzima, kisha pima kila waya kutoka kwenye kichwa hadi kwenye kigusio chake ndani ya tundu. Wakati unapima ule wa kipini cha kati, chomeka kipande cha waya mwembamba kwenye shimo lake ukitikise taratibu. Mlio ukikatikakatika hapo lakini ukabaki imara kwenye nyaya za umeme, huhitaji ushahidi mwingine. Tazama pia kichwa cha upande wa bodi. Kikiwa na rangi ya kahawia au vipini vyeusi, niambie kabla ya kuweka waya mpya, kwa sababu waya mpya kwenye kichwa kilichoungua utaungua nao.

Unaponunua, linganisha namba ya kifaa iliyoandikwa kwenye kibandiko cha waya wa zamani. Usilinganishe kwa macho. Tundu mbili zinaweza kufanana kabisa kwa nje huku mpangilio wa nyaya kwenye kichwa ukitofautiana, na kosa hilo linaweza kupeleka volti 19.5 kwenye njia ya mawasiliano na kuua bodi ambayo hadi sasa ni nzima.

Ukikuta limelehemiwa kwenye bodi, nakuomba usilijaribu mwenyewe. Lehemu isiyo na madini ya risasi inayotumiwa viwandani huyeyuka kwenye nyuzi joto 217 hivi za Selsiasi, na mguu wa hasi umeungana na tabaka pana la shaba linalonyonya joto upesi kuliko kifaa kidogo cha kulehemu kinavyoweza kulileta. Mtu huvuta kabla lehemu haijayeyuka yote, na pete ya shaba iliyo ndani ya tundu la bodi hung’oka pamoja na mguu. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kulehemu kwa hewa moto, umwonyeshe vipimo ulivyotuandikia, na mkubaliane kwamba anabadilisha tundu pekee.

Msomaji wa Usiku

Ndugu Fundi, nimerudi na majibu. Tundu langu lilikuwa la waya. Nyaya nene zote zililia bila kukatika, lakini ule mwembamba wa kipini cha kati ulilia pale tu nilipokisukuma kipande cha waya upande wa kushoto, upande ule ule niliokuwa nikiisukuma plagi. Kichwa cha kwenye bodi kilikuwa safi, vipini vyake vinang’aa.

Niliagiza waya wenye namba ile ile na nimeufunga leo asubuhi. BIOS imeandika wati 65 bila kushikwa na mtu. Betri imetoka asilimia 31 hadi 100 nikiwa naandika, na ule uzito umeondoka. Niliijaribu tena chaja ya kufaa zote kwenye tundu jipya ili kuhakikisha ulichosema, na kweli bado haitambuliwi.

Nina swali moja lililobaki. Je, nikae na chaja hiyo kama akiba, au inaweza kudhuru?

Fundi wa Bodi

Hongera sana, na pole kwa wiki tatu za mashaka. Kwa kompyuta yako chaja hiyo haitachaji betri na itaipunguza kasi, hivyo kama akiba haina kazi. Ikiwa bado inarudishika, irudishe, kisha utafute ya wati 65 au zaidi iliyoandikwa modeli yako. Na kwa siku chache za mwanzo gusa plagi baada ya nusu saa ya kuchaji: vuguvugu kidogo ni kawaida, lakini ikiwa moto kiasi cha kutaka kuondoa kidole, chomoa na uniandikie hapa hapa.